Video Zote za Mgongo wa Mama Mkwe

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Ufundi wa mama mkwe wangu wa kusuka vikapu umepotea, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuuokoa.

Mradi mmoja ulitaka kuhifadhi ususi wa kando ya ziwa kwenye kompyuta. Video zingeingizwa kwenye mtambo, ili mtu akiuliza swali, mtambo umfundishe. Kijijini kwao, Mama ndiye pekee aliyebaki anayejua kufunga mdomo wa kikapu cha mafunjo bila fundo kuonekana, na vidole vyake vilishaanza kukakamaa. Kazi hiyo niliitaka mwenyewe. Nilikuwa nimejitangaza mtaa wetu mzima wa Migosi kwamba mimi ni mtaalamu wa dijitali.

Sasa, sisi Waluo mama mkwe tunamwogopa. Humsogelei, humkazii macho. Basi nikaweka simu nyuma yake, mbali, karibu na zizi.

Mke wangu akaniona. "Baba Akinyi, leta hiyo simu nishike. Mimi si ni mtoto wake? Naweza kaa mbele yake."

"Hii ni kazi ya wataalamu," nikamjibu. Jamani, mdomo huu!

Nikarekodi wiki nzima: mgongo, kitambaa cha kichwa, kiwiko kikienda na kurudi. Nikatuma kimya kimya, nikiomba asitazame mtu. Na kweli hakuna aliyetazama. Mtambo ukalishwa zote.

Siku ya uzinduzi, miezi kadhaa baadaye, pale chuoni Maseno, mgeni wa heshima akauliza kikapu kinaanzwaje. Mtambo ukajibu kwa sauti tamu, "Kwanza, wape watu mgongo." Wanafunzi wote wakageuka, mafunjo mkononi. Mgeni naye akageuza kiti. Akauliza mdomo unafungwaje. "Tikisa kiwiko cha kulia, kisha fukuza kuku." Watu wakaandika. Jirani yangu akanong'ona kwamba wazee wetu walikuwa na akili.

Nilicheka mpaka nikaona mke wangu analia.

Tukarudi kwa Mama kurekodi upya, simu akaishika mke wangu. Mama akachukua mafunjo, vidole vikakataa. Akajaribu kutueleza kwa maneno, akakwama. Kazi ile hakuwahi kuisema, aliifanya tu.

"Mkwe wangu ana heshima sana," akasema polepole, akaficha mikono chini ya leso.

Iliniuma kuliko matusi.

Wewe unayesoma hapa, kama mama mkwe wako bado anasuka, mvunjie heshima siku moja tu. Mtazame mikono.