Kisu cha Jirani

Fundi sauti wa Sidoarjo hatazami kompyuta akichanganya wimbo wa dangdut, muziki wa dansi wa Indonesia. Huipa kisogo, sikio akalitega ukutani, vidole viwili vikipapasa kipanya kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa. Sauti ya Retno, mwimbaji, aliipitisha kwenye programu yake ya mkwaruzo mpaka ikachanika, kisha akaibana, minong'ono ikapanda na mayowe yakashuka.

"Kaka, umenifanya sufuria inayosuguliwa!" Retno alifoka. "Kesho wimbo huu unapigwa harusini kwa wifi yangu!"

"Shii! Msikilize mama wa supu."

Nyuma ya ukuta wa mbao, jirani, mama muuza supu, alikuwa akikatakata vitunguu. Fundi hakuamini spika yoyote kama kile kisu: wimbo ukikolea, chenyewe hufuata ngoma. Akaongeza mkwaruzo, akabana tena. Kisu kikaingia kwenye mdundo, ta-ka-ta, ta-ka-ta, na kiuno cha Retno kikaanza kucheza bila ruhusa yake. Kilipofika kiitikio, kisu kikanyamaza kabisa. Retno akanywea. Fundi, macho yakiwaka, alikwisharuka kitini.

Ukuta ukagongwa. "We fundi! Huyo dada kafiwa na nani? Rudisha mwanzo! Nimeshajikata kidole kwa kumsikiliza!"