Vichwa vya Nduma

Mimi si mtu wa kubembeleza chakula. Kila kitu kina msimu wake, na anayetaka mahindi mabichi mwezi wa pili akatafute kwa wenye friji. Mwezi wa kwanza tunakula plamu mpaka watoto walalamike tumbo. Mvua ikishika vizuri tunachuma thabai, ile mboga inayochoma vidole vya mchumaji halafu ikipondwa na viazi kwenye mukimo inakuwa pole kabisa. Na huku kwetu Wamagana, mwezi wa saba, ukungu unapokaa juu ya majani chai hadi saa sita mchana, hakuna kinachofaa ila nduma, yaani magimbi, na chai ya moto. Nduma ya kweli, inayopasuka ukiimenya, kavu ndani na tamu bila kuongezewa kitu.

Kwa hiyo nilipomwalika shemeji yangu chakula cha mchana Jumamosi moja ya mwezi huo, suala la nini cha kupika halikunisumbua. Yaliyonisumbua yalikuwa mengine yote.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu, anauza mbao Chaka. Tangu mama yao azikwe, hao wawili hawasemeshani. Wanagombania kipande cha kinamasi kando ya mto, chini ya nyumba yetu, mahali mama yao alipokuwa akipanda nduma zake. Kila mmoja anasema aliachiwa yeye. Walifikishana kwa chifu, na chifu akaamua asipande mtu wala asichimbe mtu mpaka wapatane. Huko kwa chifu waliongea Kiswahili, kwa sababu ofisi ni ofisi, kisha wakatoka nacho. Watu waliolala kitanda kimoja wakipigana vita vya blanketi kwa Kikuyu, sasa wakikutana ni Kiswahili cha baraza, na hata hicho hawaelekezani wao kwa wao. Wanakipitishia kwangu, nami nimesimama katikati kama mkalimani wa mahakama.

Hayo nilikuwa nimeyavumilia. Lakini mwezi uliokuwa unakuja, wageni walikuwa waende Chaka kumposa binti yake shemeji, msichana aliyejifunza kuponda mukimo jikoni mwangu, na mume wangu alikuwa amesema haendi. Baba mkubwa asiende! Nilijua kiti chake kikikaa kitupu siku hiyo, mbele ya wakwe, basi imekwisha. Hakuna chifu wala kasisi ambaye angeweza kuwarudisha pamoja. Niliogopa kabisa. Nikampigia shemeji simu bila kumuuliza mtu, na nilipomwambia mume wangu, alisema tu, "Akuje. Kwani nani amemfukuza?"

Ijumaa nilikwenda sokoni Karatina kununua nduma, maksudi, ili mezani pasiwe na kitu chochote kilichotoka mtoni. Nilichagua kubwa, nzuri, za kujivunia. Jumamosi asubuhi nikachemsha moja kuijaribu. Iliniwasha ulimi, ikashuka ikaniwasha na koo, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Nilimlaani yule muuzaji, kikapu chake na shamba alikozitoa. Mume wangu alikuwa mlangoni akinisikiliza. Alichukua jembe akaondoka.

Aliporudi alikuwa na tope hadi magotini na beseni la nduma ndogondogo, zenye nyuzi za zambarau ndani. Za mtoni. Hata kipofu angezitambua.

"Umezitoa wapi?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Si umesema hizo zako zinawasha?"

Nilitaka kumpiga na mwiko. Lakini shemeji alikuwa ameshapiga simu kusema amepita Nyeri mjini, na nduma hazipikwi kwa dakika tano. Nikazipanga kwenye sufuria, maji kidogo, majani ya ndizi juu, kifuniko nikakikaza. Na nduma hazichunguliwi. Ukifunua kutazama kama zimeiva, umeziharibu. Nikabaki nimesimama kando ya moto, siwezi kuonja, siwezi kugeuza, siwezi kufanya lolote kwa mikono yangu, nikisikia pikapu ikiegeshwa langoni.

Walikaa kila mmoja kwenye ncha yake ya meza. Nilimimina chai.

"Shemeji, mwambie barabara yenu imeharibika," alisema mgeni.

"Mwambie ni mvua," alisema mume wangu.

Nikaleta nduma zikitoa mvuke. Sikuweza kukaa. Shemeji alichukua moja, akaimenya polepole, akaona zile nyuzi za zambarau. Akaacha kumenya. Kisha akaitia mdomoni, akatafuna akiangalia dirisha, akameza.

"Hii ni ya mama," alisema.

Hakikuwa kitu cha kukalimani.

Alichukua ya pili. Halafu akaweka mikono yake mezani, na sauti yake ikabadilika. "Muurize," alisema, kwa ile 'r' yetu ambayo hata ofisi ya chifu haikuweza kuiondoa, "muurize vichwa amepeleka wapi."

Anayechimba nduma hukata kichwa, ile sehemu ya juu yenye kikonyo, akakirudisha kwenye tope siku hiyo hiyo, ndipo kinamasi kisife. Kuchimba mtu anaweza kusamehewa, atasema alikuwa na njaa. Lakini akipanda, amesema shamba ni lake. Na akivitupa, ameua nduma za mama yake. Nilikuwa nimeviona vile vikonyo? Sikuwa nimeviona. Nilimtazama mume wangu, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwombea.

"Anauliza vichwa viko wapi," nilirudia, kana kwamba hakusikia.

"Viko kwa gunia. Hapo nje, nyuma ya jikoni."

"Muurize kwa nini hakupanda."

Mume wangu alisugua tope lililokauka kwenye kidole chake. "Mwambie sikujua nipande upande gani."

Shemeji aliinuka. Kiti kikakwaruza sakafu. Aliacha chai yake, akaacha koti, akatoka nje na mlango ukabaki wazi ukiingiza baridi. Nikasema moyoni, basi, ndiyo hiyo, nimewaalika waje wamalizane. Nikangoja injini ya pikapu. Mume wangu naye alikuwa anaingojea, nilimwona kwa jinsi alivyoinamisha kichwa.

Injini haikuwaka. Nilikwenda dirishani. Shemeji alikuwa anateremka kwenda mtoni na gunia begani, kwa viatu vyake vya kanisa, akiteleza, akishika majani chai asianguke. Alifika chini, akaingia kwenye kinamasi viatu na vyote. Akasimama kidogo akitazama huku na huku. Kisha akageuka kutuelekea, akaweka mkono mdomoni na kuita kwa Kikuyu, kwa sauti iliyopanda mlima wote:

"Rehe icembe, wa maitu!"

Lete jembe, mtoto wa mama yangu. Ndani hapakuwa na wa kumkalimania, kwani mume wangu alikuwa ameshasimama. Alivaa gambuti ya kushoto kwenye mguu wa kulia, akatoka mbio, na jembe akaliacha hapo mlangoni.