Fundi Aliyetaka Kutupwa Topeni

Watu wa kijiji cha Ban Nong Saeng wana heshima, na heshima hiyo haijawahi kumtesa mtu kama ilivyomtesa Khamfong. Wakimkuta njiani wanaunganisha viganja kifuani, wanainamisha kichwa, wanamwita Mwalimu. Wakiwa wanapiga soga dukani kwa Jamlong na yeye akatokea kununua ndimu, soga linakatika papo hapo. Anapewa njia, anaulizwa hali ya magoti yake, anachaguliwa ndimu zilizo nzuri. Akishaondoka, kabla hajafika hata kwenye ukuta wa hekalu, anasikia kicheko kimeanza tena nyuma yake, na anajua kabisa kwamba hachekwi yeye. Hilo ndilo lililomuuma. Afadhali wangemcheka.

Wala hakuwahi kufundisha shule hata siku moja. Alikuwa fundi wa roketi, zile zinazorushwa kila mwaka kabla ya mvua ili kumkumbusha Bwana wa Mvua huko juu kwamba mashamba ya mpunga yamekauka na watu wanamsubiri. Ni bomba la bluu la plastiki, refu kumpita mtu, ndani limeshindiliwa baruti ya mkaa na shura, ile chumvi inayokoleza moto, na limefungwa mkia wa mwanzi mrefu kama nguzo ya umeme. Ukimwambia mgeni kwamba dude hilo linapaa mpaka linapotea mawinguni atakuona mwongo, mpaka siku atakapoliona kwa macho yake.

Sheria yake kila mtoto wa huko anaijua. Roketi ikipaa, fundi anabebwa mabegani. Roketi ikikataa, ikabaki jukwaani inafuka moshi kama jiko la kuni mbichi, fundi anakamatwa mikono na miguu anatupwa topeni. Haijalishi ni nani. Mkuu wa kijiji ametupwa, na mkwe wake juu yake. Tope lenyewe huandaliwa mapema. Linamwagiwa maji na kukanyagwa na nyati wa kulimia mpaka linalainika kama uji. Fundi anatupwa na wenzake aliotwanga nao baruti, kisha wenyewe kwa wenyewe wanatupana, na mwishowe humjui fundi wala mpiga ngoma. Wanatoka humo wamependana kwa mwaka mzima.

Zamani Khamfong hakuitwa Mwalimu. Aliitwa Moshi, kwa sababu roketi zake za ujanani zilitoa moshi tu. Alitupwa hata akazoea, na mkewe Bunlai alimsubiri mlangoni na ndoo ya maji, akiwauliza waliomleta, "Huyu ni mume wangu, au mmeniletea kambare?" Wakavunjika mbavu wote, na Khamfong akiwa wa kwanza.

Siku aliyoharibu mambo, aliyaharibu kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka ule alikuwa amejitapa mbele ya hekalu zima kwamba roketi yake mpya itavuka mto Mekong na kutua ng'ambo, Laos. Haikuvuka hata kivuli chake. Sithon, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyeshika mchi pamoja naye tangu utoto, akaja mbio wa kwanza, mikono imetanuliwa, anacheka mpaka machozi.

"Twende Laos, Moshi! Njia ni ya huku chini!"

Khamfong aliona giza kwa hasira. Aliokota mwanzi wa akiba akampiga nao, na mkono wa Sithon ukavunjika kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Hakuna aliyemgombeza, na hapo ndipo ujue jambo lilikuwa zito. Sithon alifungwa mkono akasema ameteleza. Jioni Khamfong alimpelekea kuku na chupa ya pombe ya mchele, kwa aibu. Sithon alipokea kwa mkono mzima, akamkaribisha, akamshukuru sana, na wakati wa kuagana akamwita Mwalimu. Ilikuwa mara ya kwanza. Khamfong alidhani ni utani, akangoja kicheko, lakini hakikuja. Kesho yake kijiji kizima kilimwita hivyo, na jina la Moshi hakulisikia tena ila kwa Bunlai, mpaka naye Bunlai akafa. Sithon alihamia kwa mwanawe Khon Kaen, akafia huko.

Msimu uliofuata hakuna aliyekataa kumsaidia. Kila mtu alikuwa na udhuru tu. Mmoja mgongo, mwingine nyati wake ana homa, wa tatu ana harusi ya binamu. Khamfong naye hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Kushindilia baruti kulitaka watu sita wakipokezana mchi, wakiimba zile nyimbo za matusi zinazoruhusiwa msimu huo tu. Akachukua jeki ya lori bovu na vyuma vya kitanda, akaunda mtambo ambao mtu mmoja anasukuma mpini na baruti inagandamana kuliko jiwe. Kutoboa tundu katikati ya baruti, lile linaloamua nguvu ya roketi, kulitaka watu wawili wenye subira. Akafunga keke kwenye pedali za baiskeli ya Bunlai. Kuibeba roketi mpaka uwanjani ilikuwa kazi ya mabega manane. Akaunda kigari cha magurudumu ya pikipiki, akawa anakiburuta mwenyewe. Vyote vilikuwa vya akili kweli, na kila kimoja kilikuwa kimechukua nafasi ya mtu. Vijana wa wilaya jirani walikuja kuvipiga picha kwa simu, wakamshukuru, wakaenda zao.

Roketi zake hazikukosea tena. Zilipaa kila mwaka, nyeupe na nyoofu, mpaka watu wakashika shingo kwa kutazama juu. Lakini nani angethubutu kumshika mtu yule na kumbeba mabegani? Walimpigia makofi. Mkuu wa kijiji alimvisha shada la maua ya manjano, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainama.

Binti yake, Duangta, anayeshona nguo kiwandani Bangkok, alimpigia simu kila jioni ya Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na pilipili."

"Baba bwana! Njoo ukae kwangu."

"Nikija huko, hapa roketi atarusha nani?"

Walitakiana usiku mwema, na Khamfong akabaki na simu mkononi, akisikiliza nyumba.

Mwaka jana roketi ya kikundi cha Jamlong ilikataa. Wakamkamata Jamlong, mwanamke wa makamo, na sketi yake ya hariri ya sherehe, wakamtupa. Aliibuka na tope masikioni akiwalaani mpaka mababu zao, kisha akamvuta mkuu wa kijiji mguu, akazama naye. Khamfong alikuwa amesimama karibu, labda karibu kuliko ilivyohitajika. Tone moja la tope lilimrukia kifuani. Mwanamume mmoja alikuja mbio na leso, akamfuta, huku anaomba radhi kana kwamba amemmwagia maji ya moto. Usiku ule Khamfong alilia, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, kwa sababu ya tone la tope lililofutwa. Kumwomba radhi Sithon hakukuwezekana tena. Akiwaomba wengine wangemjibu, "Radhi ya nini, Mwalimu?" Basi akaamua. Mwaka ujao roketi yake haitaruka. Sheria ni sheria, na yeye watamtupa.

Usidhani kuharibu roketi ni kazi rahisi. Ukiiharibu ovyo inalipuka na kuua watu, na Khamfong hakutaka damu, alitaka tope. Ilibidi afikirie kuliko alivyowahi kufikiri. Tundu likiwa refu, moto unashika baruti nyingi kwa mpigo na roketi inapaa. Likiwa fupi sana, inaungua polepole kama kijiti cha ubani. Akaongeza mkaa, akapunguza shura, akajaribu kidogo kidogo ndani ya vipande vya mwanzi nyuma ya choo. Kimoja, pamoja na jitihada zake zote, kiliruka kikatua juu ya paa la Jamlong.

"Hata kushindwa nimeshindwa," alisema kwa sauti, akacheka, kisha akaangalia kama kuna aliyesikia. Hapakuwa na mtu.

Aliendelea hadi akaipata. Roketi iliyosimama katika banda lake siku chache kabla ya sherehe ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya: ingetoa moshi mzito, ingepiga mluzi, ingetikisika kidogo, na isingeondoka mahali pake. Wirat, mwanamume wa miaka arobaini hivi aliyepewa kazi ya kujenga jukwaa la kurushia, alikuja kupima unene wake. Aliizunguka kwa adabu, kofia mkononi.

"Mwalimu, mwaka huu jukwaa nimejenga mimi. Nikikuharibia hii, nahama kijiji."

"Hutaharibu chochote, Wirat."

"Nimeshindwa kulala, Mwalimu. Wenzangu wananiambia fito za kushoto zimepinda."

"Wenzako wanakutania."

"Ndiyo, hao nyati wasio na akili wananitania kutwa," alisema Wirat, na uso wake ukachanua. Khamfong alimtazama kwa wivu ambao haukumfaa mtu wa umri wake.

Siku ya sherehe alivaa kaptura ya kuvulia samaki na shati lililochakaa kwapani. Aliacha simu nyumbani. Aliburuta kigari chake kati ya ngoma na vipaza sauti, na watu wakampisha. Moyo ulimwenda mbio kama wa bwana harusi. Roketi ikapandishwa, ikafungwa, utambi ukawashwa.

Ilifanya sawasawa na alivyoipanga. Moshi, mluzi, kutikisika. Kisha ikatulia pale pale inaungua, na ngoma zikanyamaza moja moja. Hakuna aliyecheka. Khamfong akatembea mwenyewe mpaka kwenye ukingo wa tope, akageuka, akalegeza mikono. Kujitupa angeweza, lakini mzee anayejitupa topeni peke yake ni mzee aliyeanguka tu. Alitaka mikono ya watu. Akawaona wanakuja mbio, kundi zima, Wirat mbele, na akafumba macho kwa furaha.

Hakuguswa. Alipofumbua, Wirat alikuwa amepiga magoti miguuni pake, viganja juu ya paji la uso.

"Nisamehe, Mwalimu! Zile fito zimebana mkia. Nilijua zimepinda, nikanyamaza."

"Inuka. Jukwaa halina kosa. Kosa ni langu."

"Hapana, Mwalimu."

"Wirat, nisikilize. Nyote nisikilizeni. Tundu nimelitoboa fupi. Shura nimeipunguza. Nimeitengeneza isiruke, kwa makusudi. Nishikeni mnitupe."

Jamlong alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

"Mnamsikia?" alisema. "Mnamsikia mtu huyu? Roketi ya mwaka mzima imekufa mbele yake, na anajitwisha kosa ili Wirat asiaibike. Watu kama hawa wameisha duniani!"

"Jamlong, nasema kweli."

"Wirat, una bahati, nyati wewe! Mshukuru Mwalimu!"

Wirat alimsujudia hadi chini, analia waziwazi. Na sauti moja kutoka nyuma ikasikika, "Haya, fundi wa jukwaa atupwe!" Hapo uwanja ukalipuka. Wakamnyakua Wirat mikono na miguu, wakambembeza, wakamrusha. Naye akaibuka anatema tope na kutukana, akamkamata wa kwanza aliyemfikia. Ngoma zikaanza upya. Wakaingia wawili wawili, kumi kumi.

Khamfong alimshika mkono mwanamume aliyekuwa anapita mbio kuelekea topeni. "Na mimi," alimwambia. "Na mimi, tafadhali."

Yule bwana alisimama. Akautoa mkono wake taratibu, akamshika Khamfong kiwiko kwa mikono miwili. "Polepole, Mwalimu, utateleza," alisema, akamrudisha mpaka kwenye nyasi kavu, akainama, ndipo akakimbia na kuruka.

Jamlong alimletea kiti na glasi ya maji ya barafu. Kisha, kwa kuwa tope lilikuwa linaruka mpaka karibu na miguu yao, akafungua mwavuli wake mkubwa, akauelekeza upande wa kelele, akasimama ameushikilia ili lisimfikie hata tone.

"Funga mwavuli, Jamlong," Khamfong alimwambia.

"Aa, Mwalimu," alijibu kwa upole, akiusogeza karibu zaidi. "Wewe kunywa maji."