Sura Inayokosekana katika Vitabu vya Kufuli

Kwanza, msomaji wangu, inafaa ujue hali ilivyokuwa. Kule Mkunya, juu ya uwanda wa Newala, hatukuwa na mto wala bomba. Mvua iliteleza juu ya bati, ikapita mferejini, ikatua katika kisima cha saruji kilichochimbwa uani, chenye mfuniko wa chuma uliofungwa kwa kufuli. Kiangazi tulichota ndoo mbili kwa siku, basi. Ufunguo ulikaa kwenye pindo la kanga ya Bibi. Kufuli lenyewe, zito kama jiwe la kusagia, lilikuwa kitu cha mwisho mjomba kutuletea kutoka bandarini kabla ya kufa kwake.

Nimeyakumbuka haya wiki hii. Chuo kimoja cha ufundi Masasi kimeniomba nitathmini vitabu vitatu vinavyowafundisha mafundi kufungua makufuli ya usalama wa juu yaliyopotelewa na funguo. Cha kwanza kina michoro mizuri na maelezo hafifu. Cha pili kimepangwa kwa utaratibu, kutoka jepesi hadi gumu. Cha tatu kinajisifu. Hakuna hata kimoja kinachotaja mafuta yasiyofaa.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Bibi aliniagiza nililainishe kufuli kwa mafuta ya nazi. Chupa nikaikuta tupu. Nikachukua mafuta ya maganda ya korosho, yale makali yanayobabua ngozi, tuliyopaka nguzo za nyumba ili mchwa wasizile, nikayamimina tunduni. Kulipokucha yalikuwa yameganda kama gundi, na ufunguo haukuingia.

Akaitwa jirani yetu, fundi wa makufuli.

“Shikamoo, mama. Hili mmelifunga au mmelizika?”

“Marahaba. Wewe fungua, maneno utayauza mnadani.”

Alipotaka kulikata, Bibi alikataa. “Hilo la mwanangu. Halikatwi.”

Fundi alilinusa, kisha akavitazama vidole vyangu vilivyobabuka. “Kutu tu, mama,” akasema. Nami nikavificha vidole mgongoni. Alikuwa na msemo wake kwamba kufuli haligombwi, husikilizwa. Akaketi kulisikiliza siku mbili, huku mitungi ikikauka.

Siku ya pili Bibi, kwa magoti yake mabovu, aliteremka mbali bondeni kuchota kwenye chemchemi. Alianguka kwenye mwinuko wakati wa kurudi, ndoo ikiwa kichwani. Wanaume walimpandisha kwa kitanda cha kamba.

Siku hizi Mkunya kuna bomba. Kisima kimejaa majani ya mikorosho, na fundi hakuacha mwanafunzi. Kufuli liko mezani kwangu, kando ya vitabu. Nimependekeza kile cha pili, kwa sharti la kuongezwa sura moja.

Fundi alilifungua kufuli asubuhi ya siku ya tatu, bila kulikata. Maji ya kwanza tuliyochota yalitumika kuosha maiti ya Bibi.