Fundi Sentimita na Saa Nane za Angani

Fundi Sentimita, mshona suruali ambaye hujapata kumfumania na pindo lililopinda, alikuwa na donda moja moyoni. Siku mkewe alipoondoka kwenda ng'ambo kumlea binti yao aliyejifungua, yeye alichelewa uwanja wa ndege kwa sababu ya pindo la mteja. Mke akaruka bila kuagwa. Sasa anarudi, na fundi ameapa: mlango ukifunguka, uso wa kwanza ni wake.

Tiketi ikamvuruga. Kuondoka, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kutua, Jumamosi saa sita mchana. Akampigia binti.

"Mwanangu, mama yako anakaa angani saa ngapi?"

"Kumi na moja, baba."

Akahesabu vidole, vikamwishia, akahamia vifungo vya koti la mteja. "Mbona basi hesabu yangu inatoa alfajiri, na tiketi inasema saa sita mchana?"

"Ninyi mko mbele yetu kwa saa nane."

"Mbele kwa lipi, na maendeleo yote yako huko?"

"Jua linaanza kwenu, baba. Wewe fuata tiketi tu."

Kumwambia fundi asipime ni kumwambia mbuzi asitafune. Alivua utepe shingoni, akaenda kwa jirani yake muuza vitabu, akaunyoosha juu ya ramani ya ukutani, uwanja hadi uwanja.

"Sentimita hamsini na kitu," akasema.

"Kwa hiyo?" akauliza muuza vitabu.

"Kwa hiyo ni mbali."

"Hilo mimi nililijua bila utepe, jirani."

Akarudi kichwa kikizunguka kama gurudumu la cherehani. Mwisho akakata shauri: tiketi imetoka kule, basi hiyo saa sita ni ya kule. Ongeza nane, saa mbili usiku. Usimcheke, wewe mwenyewe umeshaanza kuhesabu vidole.

Jumamosi alasiri alikuwa na shati na bukta, akipiga pasi suruali mpya ya mapokezi, mlango ukasukumwa. Mkewe akaingia na sanduku, kanuna kama aliyekaa benchini hadi benchi likamchoka.

"Unajipigia pasi uende wapi?"

"Kukupokea."

"Kunipokea wapi?"

"Uwanjani. Unatua saa mbili usiku."

Wakatazamana. Fundi akaitazama saa ya ukutani, akamtazama mkewe, akairudia saa. Hakuna hata kimoja kilichomsaidia.

"Kwa hiyo sasa hivi uko angani," akasema taratibu.

"Mume wangu, miguu imevimba. Sogea nikae."

"Toka kwanza, mama. Nakuomba. Nje kidogo tu, nivae."

Mke alimkazia macho. Kisha akaburuta sanduku, akarudi nje, akasimama. Ndani kulisikika mtu akirukaruka kwa mguu mmoja. Mlango ukafunguliwa, fundi kasimama wima, mikunjo ya suruali imenyooka kama wembe.

"Karibu nyumbani, mke wangu."

"Umechelewa," akasema mke, akimtwika sanduku.

"Kwa saa ngapi?" akauliza fundi, maana hapo hasa ndipo alipokuwa bado haelewi.