Pesa Iliyonuka Mguu

Nimelala miji mingi tangu nitoke nyumbani, Bunia, Juba, Gulu, na kila ninapopewa chenji huinusa kwanza. Watu hucheka. Hawakukaa kwetu Koboko, Uganda, baada ya vita vya sabini na tisa.

Sarafu zilipotea kabisa. Mwenye duka mmoja, aliyechoka kusema chenji hakuna, akaanza kukata vipande vya raba, kuvitoboa kwa msumari wa moto na kuturudishia hivyo. Kimoja kiberiti, viwili kikombe cha chumvi. Raba yenyewe ilikuwa soli za buti ambazo wanajeshi waliokimbilia Sudan walizitupa vichakani. Wajanja walipoanza kukata viatu vya tairi, akazoea kunusa kila kipande. Tairi hunuka barabara, alisema, buti hunuka mtu.

Siku moja nilimsindikiza mama mdogo kununua chumvi. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari wa serikali mpya akafungua kitambaa ambamo mama mdogo alifunga vipande vyake.

"Mama, hii nini?"

"Iko pesa, afande."

"Pesa gani inanuka mguu?" Akakigeuza kipande. "Hii buti ya jeshi. Mwenyewe iko wapi? Wewe nachinja askari, nakata viatu yake?"

"Mimi? Hata kuku nachinjiwa na jirani!"

Mumewe alikuwa mwanajeshi wa serikali ya zamani; siku zile hilo lilitosha mtu kupotea. Askari akaamua twende dukani. Mwenye duka akikubali ni pesa yake, mama mdogo atarudi nyumbani. Akikataa, atapelekwa kambini.

Nilijua atakataa. Nani akiri mbele ya bunduki kwamba ana magunia ya buti za jeshi lililoshindwa? Alipotuona, jasho lilimtiririka, akaanza kutikisa kichwa hata kabla ya kuulizwa. Askari akatupa kipande mezani. Mkono wa mwenye duka ukakiokota wenyewe, ukakipeleka puani.

"Ya kwangu," akasema. "Chumvi ama kiberiti?"

Kisha akasikia alichosema, akafumba macho.

Askari akafikiri. "Sigara."

Akapewa moja. Aliivuta hadi nusu, akiitazama miguu yake mwenyewe.

"Enda nyumbani, mama," akasema. Akakaa juu ya gunia, akavua buti ya kushoto, akaiweka mezani. "Mzee, hii natoa vipande ngapi?"

Mwenye duka akainama kuinusa.

Nilimvuta mama mdogo mkono tuondoke. Hakusogea.

"Afande," alisema, "panga laini nyuma yangu. Chumvi yangu bado, na mimi nakuja kwanza."