Wifi na Sentensi za Kiingereza

Nilipoolewa Mtoni, niliingia kwenye nyumba aliyokuwa akiishi mume wangu na mama yake na dada yake mkubwa. Huyo wifi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na majirani walishanionya kuhusu mdomo wake. Kwa hiyo nilipoamua kurudia mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne, mwanangu akiwa bado ananyonya, nilikuwa nasoma kwa kujificha jikoni, nachambua mchicha huku nakariri: "table" nomino, "run" kitenzi, "water" nomino.

Siku moja akanisikia.

"Unafanya nini, wifi?"

"Nakariri aina za maneno."

Nikangoja anicheke. Akavuta kigoda, akaokota kipande cha mkaa, akaandika sakafuni: "I water the flowers."

"Hiyo 'water' ni nini hapo?"

"Nomino," nikajibu upesi. "Maji."

"Haya, nisomee yote kwa Kiswahili."

"Mimi... maji... maua." Nikajisikia nilivyosema, kicheko kikanitoka. "Namwagilia maua!"

"Sasa kumwagilia ni nomino?"

"Kitenzi!"

"Basi usilikariri neno likiwa peke yake. Litazame linafanya kazi gani hapo lilipo."

Tangu hapo, akisharudi kazini na kula, alimpakata mtoto akanitungia sentensi kwa yale yanayotokea nyumbani. "The baby cries loudly." "My mother is a good cook." Mama mkwe hakujua Kiingereza, ila akisikia "mother" aligeuka: "Mnanisema nini nyie?" Kuna siku maharage yaliungua, akaruka, "Lo! Maharage yangu!" Wifi, wala hakuinuka, akaniuliza "lo" ni aina gani ya neno. Nikamjibu kihisishi, huku nakimbilia jiko.

Asubuhi ya mtihani mtoto aliamka anachemka homa, na baba yake yuko safarini. Nikaweka kalamu mezani, nikajifunga khanga nimpeleke zahanati. Wifi akanikuta mlangoni, akamchukua mikononi mwangu.

"Nimeshamwomba mwalimu mkuu ruhusa. Mie na mama tunampeleka. Wewe nenda."

"Siwezi, wifi. Akilia je?"

"Atalia, nitambembeleza. Huyu si mtoto wa jirani, ni damu yangu. Nenda, utachelewa."

Nilikwenda moyo ukiwa mzito. Kwenye karatasi kulikuwa na maneno yaliyopigiwa mstari, tutaje kila moja ni la aina gani. Nikaanza kuzisoma sentensi polepole, nikijiuliza nani anafanya nini, nikajibu moja baada ya jingine. Nilipotoka na kuwasha simu, nikakuta ujumbe wa wifi: ni malaria, amepewa dawa, amekunywa uji, amelala.

Nilifaulu. Kiingereza ndicho kilikuwa kimenikwamisha, na nilipokifaulu nikapokelewa chuo cha uuguzi. Leo nafanya kazi wodi ya watoto.

Wifi naye aliolewa, sasa anaishi Tabata. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilimpelekea doti ya khanga, nikajaribu kumwambia yote aliyonifanyia, nikaishia kulia. Akaikunjua ile khanga, akaitazama, akaniuliza kama nimekula.